Nani Mwenye Kikapu? Umiliki wa Sanaa ya Jamii na Wasusi wa Taita Taveta

Utangulizi

Kikapu ni chombo kinachofahamika katika kila nyumba, lakini vikapu havisukwi kwa njia moja. Kikapu cha pwani huanza na miyaa au ukindu. Msusi husuka ukili mrefu kama utepe, kisha ukili huo huzungushwa na kushonwa kwa shazia hadi chombo kikapatikana. Kikapu cha Taita hakina ukili wala hakishonwi. Huanza na uzi uliosokotwa kwa mkono, hukua kutoka kwenye kitako kuelekea mdomoni, na kila mzunguko hujengwa juu ya ule uliotangulia.

Tofauti hiyo ya ufundi inajulikana kwa wanaovisuka na kwa wanunuzi wachache wenye kuvichunguza. Swali lisiloulizwa sana ni la umiliki. Kikapu kikishatoka mikononi mwa mwanamke wa Kasigau au Sagalla, kikauzwa Nairobi, London au New York, nani aliye mwenyewe? Ni nani mwenye faida yake, mwenye nakshi yake na mwenye jina lake?

Makala haya yanakusudia kulieleza swali hilo. Yatatazama kwanza maana ya kituo cha sanaa kinachomilikiwa na jamii, kwa kurejelea mfano wa wenyeji asilia wa Australia, yaani Waaborijini, ambao wamekuwa na vituo hivyo kwa miongo mingi. Kisha yataangalia hali ya wasusi wa Kaunti ya Taita Taveta, sheria za Kenya zinazowahusu, na mwishowe nafasi ya lugha katika suala ambalo aghalabu huachiwa wanasheria na wafanyabiashara.

Kituo cha sanaa cha jamii ni nini?

Duka la sanaa hununua kazi na kuiuza. Kituo cha sanaa cha jamii huuza pia, lakini wenye kituo ni wasanii wenyewe. Wao huchagua kamati kutoka miongoni mwao. Kamati huajiri meneja. Meneja hutafuta vifaa, huhifadhi kumbukumbu za kila kazi na kuwasiliana na soko. Kazi ikiuzwa, sehemu ya bei humwendea aliyeitengeneza na sehemu hubaki kituoni kugharimia vifaa, usafiri na mishahara. Meneja akikosea, walio juu yake ni wale wale wasanii. Hapo ndipo penye tofauti kubwa: si katika kinachouzwa, bali katika nani anayeweza kumwachisha kazi nani.

Katika Australia, kituo kikongwe zaidi ambacho kingali kikifanya kazi ni cha Ernabella, kilichoanza mwaka 1948. Hata hivyo, kinachotajwa mara nyingi ni kampuni ya Papunya Tula. Papunya ni kijiji kilichoko yapata kilomita 240 kaskazini-magharibi mwa mji wa Alice Springs, mahali ambapo serikali iliwakusanya watu wa makabila mbalimbali ya jangwani. Mwaka 1971, kwa kuhimizwa na mwalimu wa shule aliyeitwa Geoffrey Bardon, wazee wa hapo walianza kuchora kwa rangi za kisasa michoro ambayo awali ilichorwa mchangani na mwilini. Mwaka uliofuata, 1972, walianzisha kampuni yao wenyewe, na hadi leo wenye hisa ni Waaborijini.

Mfano ulio karibu zaidi na Taita ni wa Tjanpi Desert Weavers, ulioanzishwa mwaka 1995 na baraza la wanawake wa jamii za Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara. Neno tjanpi lina maana ya nyasi. Wanawake hao hukusanya nyasi za jangwani na kusuka vikapu na sanamu. Mwaka 2005 kundi la wasusi hao lilishinda tuzo kuu ya kitaifa ya sanaa ya wenyeji asilia kwa kusuka gari zima la Toyota kwa nyasi. Ushindi huo ulithibitisha jambo moja ambalo wengi walikuwa hawajalikubali, kwamba msusi naye ni msanii na kikapu chaweza kuwekwa katika jumba la sanaa kama mchoro wowote.

Vituo hivyo havikuzaliwa kwa amani tupu. Walanguzi walikuwa wakiwanunulia wasanii kazi kwa bei ya kutupa na kuziuza kwa fedha nyingi mjini. Viwanda navyo viliiga michoro bila idhini. Mwaka 1994 mahakama ya shirikisho ya Australia iliwapa haki wasanii ambao michoro yao ilikuwa imenakiliwa kwenye mazulia yaliyotengenezwa Vietnam. Sheria ya mwaka 2009 ilimpa msanii haki ya asilimia 5 ya bei kila kazi yake inapouzwa tena. Pamoja na hayo yote, ripoti ya tume ya serikali ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fedha zinazotumika kununua vitu vya kumbukumbu vyenye nakshi za wenyeji asilia huishia kwenye bidhaa ambazo wenyeji hao hawakuzitengeneza. Kumbe kumiliki kituo ni jambo moja, na kumiliki nakshi ni jambo jingine.

Taita Taveta: ardhi na watu wake

Kaunti ya Taita Taveta ina makao yake makuu Mwatate, ingawa mji wake mkubwa ni Voi. Milima yake mitatu, Dawida, Sagalla na Kasigau, husimama kama visiwa vya kijani katikati ya nyika kavu. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotangazwa mwaka 1948. Sehemu nyingine kubwa ni mashamba ya mkonge na ranchi. Mkulima mdogo hubakia na kipande chembamba, mvua ni haba, na mara nyingi mahindi yanapokaribia kukomaa ndovu huvuka mpaka usiku na kuyamaliza.

Watu wa Kasigau wana historia chungu zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Kijerumani yalipouteka mlima huo mwaka 1915, serikali ya Kiingereza iliwashuku wenyeji kuwa waliwasaidia adui. Jamii nzima iliondolewa na kupelekwa Malindi, na wengi walikufa huko kwa maradhi na dhiki. Hawakurejea mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Mtu akitaka kufananisha Papunya na Kasigau, hapa ndipo pa kuanzia. Pote pawili watu walihamishwa kwa amri ya wengine, na pote pawili kazi ya mikono ikawa miongoni mwa vitu vichache ambavyo hakuna aliyeweza kuwanyang'anya.

Katika mazingira kama hayo, kikapu si pambo. Mavuno yakiliwa na ndovu, kikapu ndicho karo ya shule, dawa ya mtoto na unga wa jioni.

Kikapu kinavyosukwa

Malighafi kuu leo ni katani, yaani nyuzi za mkonge. Inafaa kukumbuka kwamba mkonge si mmea wa asili wa Afrika Mashariki. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika hai Tanganyika ilikuwa 62 tu. Kabla ya hapo, wasusi wa nyika walitumia nyuzi za magamba ya mbuyu na miti mingine ya mwituni. Kwa hiyo anayedai kwamba kikapu cha jadi hakibadiliki, kikapu chenyewe kinampinga. Kilichodumu ni mbinu, jicho na mkono, wala si jani.

Jani la mkonge hukwanguliwa hadi nyama yake itoke na nyuzi zibaki. Nyuzi huoshwa, huanikwa na kuchanwa. Baadaye msusi huzisokota pajani kwa kiganja hadi ziwe uzi mwembamba wenye nguvu. Nyuzi nyingine hutiwa rangi, ama ya mizizi, magome na udongo, ama ya dukani. Kazi ya kusuka huanzia kitakoni: nyuzi za mtande hupangwa zikipishana katikati, na nyuzi mbili za mshindio huzunguka zikipindana mbele na nyuma ya kila mtande. Kadiri duara linavyopanuka, mitande mipya huongezwa, na hesabu yake haina budi kuwa sawa, la sivyo kikapu kitapinda na nakshi itavunjika.

Nakshi hiyo haichorwi popote kabla ya kusukwa. Msusi huihesabu kichwani mzunguko kwa mzunguko, akijua ni mitande mingapi ya rangi hii kabla ya kubadili rangi ile. Mwisho manyoya ya katani hunyolewa, mdomo hufungwa na mikono ya ngozi au ya katani hutiwa. Kikapu kikisukwa na mtu hodari, nyuzi zake hukazana kiasi kwamba nuru haipenyi.

Kazi hiyo hufanywa katikati ya kazi nyingine: njiani kwenda kisimani, mkutanoni, jioni mtoto akiwa amelala. Ndiyo maana thamani yake hupunjwa kwa urahisi. Kazi isiyo na saa zake maalumu huonekana kana kwamba haikuchukua muda.

Kutoka kikundi hadi kituo

Wasusi wengi wa Taita Taveta hufanya kazi katika vikundi vya wanawake. Kikundi huwa pia chama cha kuweka na kukopeshana; wanachama hutoa fedha kidogo kidogo kila wanapokutana na kupeana kwa zamu, kwani haba na haba hujaza kibaba. Kikundi kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na huandikishwa serikalini. Tangu mwaka 2022 uandikishaji huo umekuwa na sheria yake, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii. Kwa hiyo mbegu ya kituo cha jamii ipo tayari. Inayopungua ni nguvu ya kulifikia soko la mbali.

Hapo ndipo mashirika yanapoingia. Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, lipo shirika la Hadithi, ambalo hukusanya vikapu kutoka vikundi vingi na kuvitafutia wanunuzi ndani na nje ya nchi. Sehemu hiyo ni ya ukanda wa Kasigau, ambako kampuni ya Wildlife Works imekuwa ikiendesha mradi wa kuhifadhi misitu na kuuza hewa ya kaboni. Mwaka 2011 mradi huo ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kupewa hati za kaboni zilizothibitishwa. Huko Sagalla nako, mradi wa shirika la Save the Elephants unaowafundisha wakulima kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki ili kuwazuia ndovu umewafungulia akina mama kituo cha kazi za mikono, vikiwamo vikapu.

Umuhimu wa mashirika hayo hauwezi kupuuzwa. Ichukuliwe, kwa mfano wa kukadiria tu, kwamba kikapu kimoja humchukua msusi siku 10, saa nne kila siku, na kwamba mchuuzi humlipa shilingi 800. Hizo ni saa 40, na ujira ni shilingi 20 kwa saa kabla ya kutoa bei ya katani na rangi. Ikiwa kikapu hicho hicho kitauzwa kupitia kituo kwa shilingi 4,000, na msusi akapata nusu, ujira utakuwa shilingi 50 kwa saa, na nusu ya pili italipia vifaa, usafiri na karani. Fedha bado si nyingi, lakini msusi anajua kila shilingi imekwenda wapi.

Hata hivyo, kuuziwa si kumiliki. Shirika linaloongozwa na watu wema laweza kufunga milango wafadhili wanapoondoka. Laweza kuamua nakshi ipi inapendeza Ulaya na ipi iachwe. Laweza kuweka bei bila kumwuliza msusi. Mizani ya kweli ni maswali machache: Je, wasusi wana kura? Je, wanayaona mahesabu? Je, mtandao wa wanunuzi ni wa nani siku meneja akiondoka? Kituo kinachojibu maswali hayo kwa faida ya wasusi ni cha jamii, hata kama kilijengwa kwa fedha za mgeni. Kisichoweza kuyajibu ni duka, hata kama ukutani kimeandikwa jina la kijiji.

Kenya ina mifano ya kujifunzia. Wachongaji wa Kikamba walio Changamwe, Mombasa, waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963, na mchongaji hutambulika kwa namba yake hata vinyago vikiwekwa pamoja na vya maelfu ya wenzake. Ndani ya Taita Taveta kwenyewe, hifadhi ya wanyama ya LUMO iliundwa na jamii kwa kuunganisha ardhi za Lualenyi, Mramba na Oza. Wanajamii walioweza kuunganisha ardhi hawawezi kuambiwa kwamba kuunganisha vikapu kumewashinda.

Nakshi, jina na sheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inaitaka Bunge litunge sheria itakayohakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2016: Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kiutamaduni. Kwa mujibu wake, mwenye haki ni jamii, na anayetaka kutumia maarifa yake kibiashara sharti apate kwanza idhini yake akiwa ameieleza bayana anachokusudia. Serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuweka daftari la maarifa hayo, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hazina ya kitaifa.

Njia ya pili ni alama ya pamoja ya biashara. Alama hiyo huandikishwa kwa jina la chama cha wazalishaji, na kila mwanachama anayefuata kanuni za ubora huruhusiwa kuitumia. Jina la kikapu cha Taita limewahi kufanyiwa kazi ya namna hiyo kwa ushirikiano wa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya na Shirika la Mali Bunifu Duniani (WIPO). Manufaa yake ni kwamba kikapu kilichotengenezwa kiwandani nchi nyingine hakiwezi kuuzwa kihalali nchini kwa jina hilo. Udhaifu wake ni kwamba alama hulinda jina tu; mbinu na nakshi zaweza bado kuigwa na kupewa jina jingine. Kadhalika, alama huhitaji chama kilicho hai cha kuilinda. Chama kikilala, alama nayo hulala.

Nafasi ya lugha

Mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu daftari la maarifa ya jadi ni maandishi, na maandishi huhitaji istilahi. Jamii ikienda mahakamani kudai nakshi fulani ni yake, itaulizwa: inaitwaje? Ilisukwaje? Nani alimfundisha nani? Nakshi isiyo na jina lililoandikwa ni vigumu kuidai.

Majina hayo yapo, lakini yamo katika Kidawida, Kisaghala na lugha ya Kasigau, vinywani mwa wanawake wazee. Wanaisimu hukitenganisha Kisaghala na Kidawida, hivyo si ajabu hatua moja ya kazi ikawa na majina mawili katika milima inayotazamana. Binti aliyesoma bweni na kuishi Voi au Mombasa huweza kuijua kazi bila kuyajua maneno, au asiijue kabisa.

Kiswahili kina utajiri wake katika uwanja huu: mtande na mshindio vya mfumaji, ukili na shazia vya msusi wa mikeka, na majina ya vyombo kama pakacha, jamanda, tumbi, kanda na tenga. Lakini maneno hayo yalizaliwa na minazi na miyaa ya pwani, na hayatoshi kueleza hesabu ya mitande inayoongezwa kikapu cha katani kinapopanuka. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafsiri kila kitu kwa maneno yaliyokwisha kuzoeleka, na hivyo kuifanya sanaa ya Taita ionekane kuwa tawi la sanaa ya pwani. Ya pili ni kuyakusanya maneno ya wenyewe, kuyafafanua kwa Kiswahili, na kuyaruhusu yale yasiyo na kisawe yaingie katika Kiswahili kama yalivyo, kama lugha hii ilivyofanya daima kwa lugha jirani. Njia ya pili ni ndefu, lakini ndiyo yenye haki.

Jambo jingine ni majina ya watu. Katika vituo vya Australia, kazi huambatanishwa na cheti chenye jina la msanii, mahali pake na masimulizi ya kazi hiyo. Katika Afrika Mashariki kikapu huitwa cha Taita au kiondo cha Ukambani, na aliyekisuka husahauliwa. Mazoea ya kuita uchoraji sanaa na ususi kazi ya mikono yamechangia. Mtunzi wa shairi hupewa heshima ya kujitaja katika ubeti wa tamati. Anayehesabu nakshi kichwani kwa siku kumi bila kukosea naye ni mtunzi, na haki ya kutajwa ni yake pia.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba kituo cha sanaa cha jamii hutambulika kwa mamlaka ya wasanii juu yake, wala si kwa jengo au mfadhili. Imeonyeshwa pia kwamba Taita Taveta ina vikundi, ina ufundi na ina soko lililokwisha kufunguliwa, na kwamba sheria ya nchi inatambua haki ya jamii. Kinachobaki ni kazi ya hatua tatu: vikundi kushikamana katika chama chenye kura na mahesabu yaliyo wazi, kaunti kulijaza daftari lake, na wasomi wa lugha kuyakusanya maneno ya ususi wangali hai wanaoyajua.

Hatua ya mwisho haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mwanafunzi mwenye daftari na subira, aketi karibu na bibi yake wakati wa likizo amsikilize anapohesabu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kikapu hakisukwi kwa uzi mmoja.